Jiko Linalokula Moshi Wake

Katika miaka ya 1680, waliotembelea gulio la Saint-Germain jijini Paris walikuta watu wamelizunguka jiko la ajabu. Lilikuwa chumbani, halina dohani, linawaka kuni, na moshi hauonekani. Mwenye jiko, mhandisi André Dalesme, alijua watu hawataamini macho yao, kwa hiyo pua nazo zikapewa nafasi. Vilitiwa motoni vitu vya kunuka, hata kaa lililoloweshwa mkojo wa paka. Kaa hilo likichomwa mahali pengine lilifukuza watu, lakini ndani ya jiko lile halikutoa harufu hata kidogo. Msomi Henri Justel alizifikisha habari hizo kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, na jarida la chama hicho likazichapisha.

Dalesme alikuwa ameugeuza moto. Katika jiko la kawaida hewa huingilia chini, ndimi hupanda, na moshi hutokea juu ya kuni ukaenda zake bila kukutana tena na moto. Yeye alifanya hewa iingilie juu na kushuka, ikivutwa na bomba refu la pembeni lililopashwa joto kwanza. Moshi haukuwa na njia ila kupita katikati ya makaa mekundu, na humo ukaungua.

Tukio hilo la gulioni ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuelewa majiko ya kupasha nyumba joto, maana watu wengi hudhani jiko lisilochafua hewa ni uvumbuzi wa juzi, uliosubiri maabara na kompyuta. Elimu ya kuunguza moshi ina zaidi ya miaka 300. Kilichochelewa ni uamuzi wa kuitumia. Uamuzi huo ulikuja baada ya watu kukubali kwamba moshi ukishatoka juu ya paa haujaisha. Umehamia tu kwenye mapafu ya jirani.

Moshi wenyewe ni nini? Ukuni ukitiwa motoni hauungui papo hapo. Kwanza hupoteza maji yake. Ukizidi kupata joto hutoa gesi na matone madogo ya mafuta na lami, na hizo ndizo zinazowaka tunapoona ndimi za moto. Karibu nusu ya joto lililomo katika ukuni, pengine zaidi, limo katika gesi hizo. Lakini ili ziungue zote zinahitaji joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, hewa ya kutosha, na muda wa kuchanganyika nayo. Kikikosekana kimoja, gesi hupanda zikiwa mbichi. Sehemu huganda ndani ya dohani kama lami nyeusi ambayo siku moja inaweza kushika moto, na sehemu hutawanyika mtaani. Kwa hiyo mwenye nyumba anayefukiza moshi mzito hutupa nje mali aliyoinunua au kuipasua kwa shoka lake mwenyewe.

Hapa lazima lisemwe jambo moja kuhusu jiko la Dalesme. Aliondoa moshi na harufu, lakini hewa iliyotoka jikoni mwake iliishia chumbani mle mle, na kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Wakazi wa nyanda za juu kama Njombe, Limuru au Kabale, wanaoijua baridi ya mwezi wa saba, wanaijua pia hatari hii. Jiko la mkaa halitoi moshi wa kuonekana, na ndiyo maana limeua watu waliolala nalo chumbani milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Jiko linalopasha nyumba joto lazima liwe na njia ya kutolea hewa yake nje. Sharti hilo halijawahi kubadilika.

Benjamin Franklin alikuwa mwenye kiwanda cha uchapaji huko Philadelphia alipoanza kushughulika na moto. Nyumba za makoloni ya Waingereza zilipashwa joto kwa meko wazi za ukutani. Sehemu kubwa ya joto ilipanda na dohani, na hewa ya baridi iliingia kwa nguvu kupitia nyufa za milango ili kujaza nafasi yake. Aliyekaa karibu na moto aliungua magoti huku mgongo ukiganda. Zaidi ya hayo, kuni zilikuwa zinakwisha. Katika kijitabu alichokichapa mwaka 1744, Franklin alilalamika kwamba kuni ambazo ndani ya miaka 100 iliyopita zilipatikana mlangoni pa kila mtu, sasa miji mingine ilizifuata umbali wa karibu maili 100. Maskini ndiye aliyeumia zaidi.

Jiko lake lilikuwa sanduku la chuma cha kusubu lililosimama ndani ya meko. Mbele liliachwa wazi, kwa kuwa Waingereza walipenda kuuona moto wao. Moshi ulipanda, ukaruka juu ya kisanduku cha chuma chenye uwazi ndani, ukashuka nyuma yake hadi chini ya sakafu, kisha ndipo ukaingia dohanini. Hewa safi kutoka nje ilipita ndani ya kile kisanduku, ikapata joto, ikatoka chumbani. Franklin aliandika kwamba chumba chake kilipata joto mara mbili ya zamani kwa robo tu ya kuni. Gavana George Thomas alipompa nafasi ya kulisajili jiko hilo liwe haki yake peke yake, alikataa, akisema kwamba kwa vile tunafaidi uvumbuzi wa wengine, yatupasa kufurahi tunapopata nafasi ya kuwatumikia wengine kwa uvumbuzi wetu. Fundi mmoja wa London alibadilisha vitu vichache, akalisajili jiko hilo kwa jina lake, akapata fedha.

Ukweli ni kwamba jiko hilo lilisumbua. Moshi haupendi kushuka, na moto ulipokuwa mchanga au ulipopoa, moshi ulirudi chumbani. Wanunuzi wengi waliondoa kile kisanduku cha hewa na njia ya kushukia, wakabaki na sanduku la chuma lililo wazi mbele, ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake ingawa halina kitu alichokibuni.

Ambalo halisimuliwi sana ni kwamba Franklin aliendelea. Kuanzia 1771, akiwa London, alitumia nyumbani kwake jiko la makaa ya mawe lenye umbo la chungu cha chuma, ambalo moto wake ulielekea chini. Moshi wa makaa mapya ulipita katikati ya makaa yaliyokwisha kuiva na kuungua humo. Mwaka 1785, akiwa na umri wa miaka 79, melini akirudi Marekani kutoka Ufaransa, aliandika maelezo kamili ya jiko hilo, akataja bila kuficha kwamba jaribio la Dalesme lilimtangulia. Alionya pia kwamba linadai uangalifu mkubwa, na kwamba mtu asiyejali hawezi kuliendesha. Onyo hilo ni la maana kuliko mchoro wa jiko lenyewe, kwa sababu historia yote iliyofuata imezunguka suala hilohilo: chombo kinaweza kuwa kizuri, lakini anayekichochea ni nani?

Waswidi walipata jibu la aina nyingine wakati huohuo. Mwaka 1767 serikali yao, ikihofia kwisha kwa misitu iliyolisha viwanda vya chuma, iliwapa Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede kazi ya kubuni jiko linalobana matumizi ya kuni. Walijenga mnara wa matofali uliovikwa vigae, na ndani yake moshi hupanda, hushuka, na kupanda tena katika njia kadhaa kabla ya kufika dohanini. Kuni huwashwa kidogo, zikaachiwa hewa tele, zikaungua kwa kasi na joto kali. Moto ukishazimika, uzito wa matofali huendelea kutoa joto kwa saa nyingi. Moto mkali wa muda mfupi huacha moshi kidogo sana, na mtumiaji hana la kufanya usiku kucha. Majiko hayo ya vigae bado yamesimama katika nyumba za Stockholm. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna jiko la karne ya 18 lililomuelewa mtumiaji wake vizuri kuliko hilo.

Lakini ni ghali, ni zito, na halihamishiki. Marekani ilichagua chuma. Katika karne ya 19 miji ya Albany na Troy, jimboni New York, ikawa makao makuu ya usubu wa majiko, yaliyosafirishwa kwa mifereji na reli hadi kila kona ya nchi. Eliphalet Nott, mkuu wa chuo cha Union kilicho karibu na hapo, alisajili majiko mengi ya kuunguza makaa ya mawe magumu kutoka milima ya Pennsylvania. Makaa hayo magumu huungua karibu bila moshi, na miji iliyoyatumia ilipata hewa nafuu kwa bahati ya jiolojia.

London haikuwa na bahati hiyo. Katika mji uleule ambamo jiko la Franklin lilikula moshi wake, mamilioni ya meko wazi yaliendelea kuchoma makaa laini kwa vizazi vingine kadhaa. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hewa baridi ilituama juu ya mto Thames ikafunikwa na tabaka la hewa yenye joto, na moshi wa nyumba na viwanda ukakosa pa kwenda. Mabasi yalisimama. Ukungu wa manjano uliingia hadi kwenye kumbi za maonyesho. Hesabu ya serikali ilikuwa vifo 4,000 hivi; watafiti wa baadaye walikadiria kuwa waliokufa walikaribia 12,000 ukihesabu na miezi iliyofuata. Bunge lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956. Iliruhusu halmashauri kutangaza maeneo ambamo moshi wa dohani ni marufuku, na kuwapa wenye nyumba ruzuku ya kubadilisha meko zao. Moto wa sebuleni ukawa jambo la umma.

Kufikia wakati huo Wamarekani wengi walikuwa wameacha kuni. Mafuta na gesi viliendesha mitambo ya kupasha joto iliyofichwa chini ya nyumba, na jiko la chuma likawa pambo au takataka ghalani. Hali iligeuka Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilifunga mafuta, bei ikapanda mara nne katika miezi michache, na familia za Vermont, Maine na Oregon zikaikumbuka misitu nyuma ya nyumba zao. Majiko ya Norway yaliingia kwa meli. Mwaka 1975 kampuni ya Vermont Castings ilianzishwa, na jiko lake la Defiant likawa maarufu. Kupasua kuni kukawa alama ya kujitegemea.

Majiko ya kipindi hicho yalisifiwa kwa kufungika kabisa. Milango ilikuwa na kamba ya kuzibia, viungo vilikazwa, na hewa iliingia kwa kilango kimoja kidogo kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Faida yake ilikuwa kulala usingizi. Saa nne usiku baba au mama alijaza jiko magogo hadi juu, akasubiri yashike, kisha akakibana kile kilango. Moto ulikosa pumzi lakini haukufa. Magogo yalifukuta polepole hadi alfajiri, na asubuhi kulikuwa na makaa ya kuwashia upya bila kiberiti.

Ndani ya jiko hilo, usiku kucha, kila sharti la kuunguza moshi lilikuwa limevunjwa. Joto lilikuwa dogo, hewa haikutosha, na gesi zilitoka mbichi. Majiko hayo yalirusha gramu 15 hadi 30 za chembe za moshi kila saa, mengine zaidi. Dohani zilijaa lami na moto wa dohani ukaongezeka. Katika mabonde ambako hewa ya baridi hutuama, vijiji vilivyokuwa na hewa ya mlimani viliamka chini ya blanketi la kijivu. Chombo kilichosifiwa kwa kubana matumizi kilikuwa, kwa saa nyingi za siku, kinatupa sehemu ya ukuni angani.

Oregon ilikuwa ya kwanza kuchukua hatua. Jimbo hilo lina mabonde kama lile la Rogue, ulipo mji wa Medford, ambako moshi wa majiko ulipita kiasi. Sheria ya mwaka 1983 iliagiza kwamba kuanzia Julai 1986 hakuna jiko jipya la kuni litakalouzwa kabla ya kupimwa moshi wake. Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, EPA, ulisita hadi jimbo la New York na wanaharakati wa mazingira walipoupeleka mahakamani. Kilichofuata hakikuwa cha kawaida. Serikali, majimbo, wanamazingira na watengenezaji wa majiko waliketi meza moja wakaiandika kanuni pamoja. Ilitangazwa 1988. Kufikia 1990 jiko la kawaida halikuruhusiwa kutoa zaidi ya gramu 7.5 kwa saa, na lenye kichocheo, kifaa kinachosaidia moshi kuungua, zaidi ya gramu 4.1. Watengenezaji wadogo wengi walifunga milango, na hilo ni hasara ya kweli kwa mafundi waliokuwa wamejifunza kazi kwa mikono yao. Waliobaki walilazimika kuelewa moto kuliko walivyowahi.

Ukifungua mlango wa jiko lililotengenezwa baada ya hapo utaona elimu hiyo kwa macho. Kuta za ndani zimejengwa kwa matofali mepesi yanayozuia joto lisikimbie, ili kuni zikae katika ukali unaotakiwa. Juu ya kuni kuna dari ya bamba linaloulazimisha moshi kurudi mbele kabla ya kutoka. Chini ya dari hiyo pamelazwa mabomba membamba yaliyotobolewa matundu mengi, na hewa hupitia humo ikiwa imekwisha kupashwa joto. Moto ukikolea, ndimi hazionekani kutoka kwenye magogo. Zinaning'inia hewani chini ya mabomba, kwenye kila tundu, zikicheza bila haraka. Kinachoungua pale ni moshi. Aina ya pili ina kichocheo: tofali la kauri lenye vitundu kama sega la nyuki, lililopakwa paladi au platinamu. Kichocheo huwezesha gesi kuungua kwenye nyuzi 260 hivi badala ya 600, kwa hiyo hata moto mdogo wa usiku huweza kuwa safi. Lakini huchakaa na huziba majivu, na mtu akichomea humo mbao za rangi au takataka, huharibika kabisa.

Upande wa jimbo la Washington, katika miaka ya 1980, mhandisi wa ndege Jerry Whitfield alileta jiko la peleti. Vumbi la mbao hushindiliwa kuwa vijiti vidogo vikavu, na parafujo inayozungushwa na umeme huvitia motoni kidogo kidogo. Kwa hakika Whitfield alijibu swali la Franklin kwa kumwondoa mchochezi. Umeme ukikatika, jiko nalo huzimika.

Mji uliojaribu majiko mapya kwa pamoja ni Libby, Montana, kwenye bonde jembamba la mto Kootenai, wenye watu chini ya 3,000. Libby ilikuwa imeumizwa tayari. Mgodi wa vemikulaiti uliofungwa mwaka 1990 ulikuwa umetawanya vumbi la asbesto kwa miongo mingi, mamia wakafa na wengine wengi wakabaki na mapafu yaliyokakamaa. Watu hao hao, kila baridi, walivuta hewa ambayo sehemu yake kubwa ya chembe laini, takriban asilimia 80, ilitoka kwenye majiko ya kuni. Kati ya 2005 na 2007, kwa fedha za serikali na za chama cha watengenezaji wa majiko, zaidi ya majiko 1,100 ya zamani yaling'olewa na mengi yakabadilishwa kwa yaliyopimwa. Mengine yaliyotolewa yaliharibiwa ili yasiuzwe tena.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana, Tony Ward na Curtis Noonan, walipima hewa ya mji kabla na baada. Chembe laini za majira ya baridi zilipungua kwa zaidi ya robo. Wazazi waliojaza fomu za shule waliripoti watoto wachache zaidi wanaokoroma kifuani; kila chembe hizo zilipopungua maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, uwezekano wa tatizo hilo ulishuka kwa asilimia 26.7. Kwa mzazi anayekesha na mtoto anayepumua kwa shida, tarakimu hiyo haihitaji maelezo zaidi.

Ndani ya nyumba matokeo yalikuwa ya kuyumba. Kwa wastani hewa ilisafika sana, lakini nyumba nyingine hazikubadilika. Ward na wenzake waliona jambo kama hilo walipofuatilia nyumba za Wamarekani wa asili wa taifa la Nez Perce, Idaho: jiko jipya lilileta nafuu katika nyumba nyingi, huku chache zikizidi kuchafuka. Huenda kuni zilikuwa mbichi, au mchochezi alikuwa amezoea kubana hewa kama alivyobana jiko la baba yake. Jiko jipya peke yake halitoshi; mtu hufundishwa pia namna ya kuwasha. Haya ndiyo aliyoyaonya Franklin, yule mzee wa miaka 79 melini.

Missoula, mji wa chuo kikuu hicho, uliamua kwenda mbali zaidi. Tangu miaka ya 1990 hairuhusiwi kufunga jiko jipya la kuni ndani ya bonde lake ila la peleti. Ni mji ambamo Kiswahili kimeanza kusikika, kwa kuwa tangu 2016 umepokea familia za wakimbizi kutoka Kongo, na watoto wao sasa wanavuta hewa iliyosafishwa na ubishi mrefu wa halmashauri. Launceston, kisiwani Tasmania, ulifanya zaidi: kuanzia 2001 serikali iliwalipa watu waachane na majiko ya kuni na kufunga ya umeme. Nyumba zenye majiko ya kuni zilishuka kutoka asilimia 66 hadi 30. Chembe za moshi wakati wa baridi zilishuka kutoka maikrogramu 44 hadi 27. Fay Johnston na wenzake walichapisha mwaka 2013 kwamba vifo vya wanaume kwa magonjwa ya kupumua vilipungua kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa bonde lililojaa nyumba, matokeo hayo ni hoja nzito ya kuacha kuni kabisa. Kwa nyumba ya peke yake mlimani, ambako umeme hukatika kwa dhoruba siku nne, hoja hiyo hupungua uzito.

Aliyebaki na kuni anakabiliwa na uchaguzi ambao wauzaji mara nyingi hawamsaidii. Mnunuzi wa kawaida hutaka jiko kubwa, akihofia baridi ya Januari. Jiko kubwa katika nyumba ndogo huwa moto kupita kiasi, mwenyewe hulibana, na jiko lililopimwa gramu 2 hurudi kufukuta kama la mwaka 1977. Afadhali dogo linalowaka kwa ukali. Kuni zinataka kupasuliwa, kupangwa palipo na upepo na kufunikwa juu pekee, zikae angalau kiangazi kimoja, hadi maji yawe chini ya asilimia 20. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na joto linalotumika kuyachemsha halimfikii mtu. Dohani nayo ipite ndani ya nyumba, iwe imenyooka na yenye joto, ndipo itavuta.

EPA ilibana kanuni tena 2015, na kuanzia Mei 2020 kikomo ni gramu 2 kwa saa, au 2.5 kwa jiko lililopimwa kwa kuni halisi. Maneno hayo "kuni halisi" yana historia yake. Kwa miaka mingi vipimo vilifanywa kwa vipande vya mbao vilivyokatwa sawasawa na kupigiliwa kwa nafasi maalumu, vitu ambavyo hakuna nyumba inavichoma. Mwaka 2021 muungano wa wakala wa hewa wa majimbo ya kaskazini-mashariki, pamoja na Alaska, ulipekua ripoti za vipimo vya maabara na kukuta kasoro nyingi mno, kiasi cha kutilia shaka vyeti vyenyewe.

Alaska ilikuwa na sababu ya kupekua. Fairbanks na jirani yake North Pole ziko katika bonde ambako baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri na hewa hutuama kwa siku kadhaa, na moshi wa kuni umeziweka miongoni mwa sehemu zenye hewa mbaya zaidi nchini wakati wa baridi. Huko gogo lililokatwa vuli huganda na maji yake ndani hadi msimu unaofuata. Kwa hiyo jimbo liliongeza kanuni inayohusu ukuni wenyewe: tangu Oktoba 2021, mfanyabiashara wa kuni katika eneo hilo haruhusiwi kuuza kuni mbichi, na siku hewa inapochafuka wakazi hutangaziwa wazime majiko, isipokuwa wale wenye kibali, ambao hawana njia nyingine ya kupata joto.